Maswali ya Wasomaji: Kiwanja na Nyumba Ugenini

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mara hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anayeishi, anayefanya kazi au anayetaka kustaafia katika nchi isiyo yake afanye nini ili apate kiwanja cha halali na kujenga nyumba itakayobaki mikononi mwake. Nimechagua tano, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya waandishi na ya nchi walizomo kama walivyoomba. Mahali ninapotaja nchi katika majibu, naitaja kama mfano wa sheria, si kwa sababu mwandishi wa barua yuko huko.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi wa majokofu, na huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kazi katika nchi ambayo si yangu. Kibali changu cha kazi huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na uraia wa hapa sina. Nimepata kiwanja kizuri cha kujenga nyumba ya familia, lakini naambiwa kwamba mgeni haandikwi kwenye hati. Rafiki yangu, mwenyeji wa hapa, ambaye tumeshibana kwa miaka yote hii, amejitolea aandikwe yeye, kisha tuandikishiane karatasi pembeni kwamba mwenye kiwanja ni mimi. Je, karatasi hiyo ina nguvu?

JIBU: Ndugu yangu, karatasi hiyo haina nguvu, na katika baadhi ya nchi ndiyo itakayokuwa ushahidi wa kwanza dhidi yenu wote wawili. Sisemi hivyo kwa kumtilia shaka rafiki yako. Hata akiwa mwaminifu kuliko ndugu wa tumbo moja, anaweza kufilisika, kuachana na mkewe au kufariki dunia, na siku hiyo wadai wake, mtalaka wake na warithi wake watakwenda kwenye daftari la ardhi, watasoma jina lake, na hawatakuwa na sababu ya kuisoma karatasi yako. Ukiipeleka mahakamani utakuwa unamweleza hakimu kwamba mlikubaliana kuikwepa sheria ya nchi yake, kisha unamwomba akusaidie kuikwepa.

Kosa linaanzia katika namna tunavyolitamka jambo lenyewe. Tunasema "nimenunua ardhi", ilhali hakuna anayenunua udongo. Kinachonunuliwa ni haki juu ya udongo, na ukubwa wa haki hiyo hupangwa na sheria ya nchi ulipo udongo, hata muuzaji na mnunuzi wakubaliane vipi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kiwanja kiko wapi na bei yake ni kiasi gani, uliza ni haki ya aina gani ambayo mtu wa uraia wako na wa kibali chako anaruhusiwa kuishika kwa jina lake mwenyewe.

Majibu ya swali hilo yanatofautiana mno. Japani na Afrika Kusini humruhusu mgeni kumiliki kiwanja karibu sawa na mwenyeji. Kenya, kwa Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, humpa asiye raia umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99, na hati yoyote inayodai kumpa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa ya miaka 99. Ghana, kwa Katiba yake ya 1992, imeweka kikomo cha miaka 50. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo mgeni anayetaka tu mahali pa kujenga na kuishi haingii katika mlango huo. Thailand humnyima mgeni ardhi kwa jumla, lakini humruhusu kumiliki fleti, mradi wageni wote kwa pamoja wasishike zaidi ya asilimia 49 ya eneo la fleti zilizomo katika jengo hilo.

Mfano wa Meksiko unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu unafanana kwa sura na mpango wako. Katiba ya huko imemfungia mgeni umiliki wa moja kwa moja katika ukanda wa kilomita 50 kutoka pwani na kilomita 100 kutoka mipaka ya nchi. Ndani ya ukanda huo benki ya huko ndiyo huandikwa kwenye hati kama mdhamini, kwa miaka 50 inayoweza kuhuishwa, na mgeni huwa mnufaika mwenye haki ya kukaa, kujenga, kuuza na kurithisha. Hapo pia jina lililo kwenye hati ni la mwingine. Ila utaratibu huo umewekwa na sheria yenyewe na haki ya mnufaika imeandikwa waziwazi, na zaidi ya hayo benki haiwezi kuamka siku moja ikaoa.

Swali lako limeletwa pia na msomaji aliyeoa mwenyeji na anayetaka kiwanja kiandikwe kwa jina la mkewe. Namwomba asome kwa makini kilichotokea Ufilipino, ambako Katiba ya 1987 inamzuia mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa urithi wa kisheria. Mume mgeni alitoa fedha za kununua kiwanja na za kujenga nyumba, hati ikaandikwa kwa jina la mkewe raia, kisha ndoa ikavunjika. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya huko ilikataa kuamuru arudishiwe fedha zake, za kiwanja na za nyumba, kwa sababu alinunua huku akijua kwamba sheria haimruhusu. Ikiwa sheria ya nchi uliyomo inamtambua mwenzi mgeni kwa namna yoyote, kwa mfano kwa haki iliyosajiliwa ya kukaa katika nyumba ya ndoa au ya kuikodi ardhi ya mwenzi wake kwa muda mrefu, basi isajiliwe mapema, wakati mapenzi yangali moto na mwanasheria angali na bei ya kawaida.

Nikirudi kwako wewe fundi: muulize wakili wa nchi hiyo, ambaye hamjui muuzaji wala rafiki yako, kama unaweza kupata umiliki wa kukodi kwa jina lako na ukausajili. Ukiambiwa ndiyo, usiridhike na idadi ya miaka iliyoandikwa juu ya hati, hesabu iliyobaki. Hati ya miaka 50 iliyotolewa miaka 38 iliyopita ni hati ya miaka 12, hata dalali aiite vinginevyo, na huwezi kujenga nyumba ya kulelea wajukuu juu ya miaka 12. Uliza pia ni nani mwenye uamuzi wa kuihuisha, pango la ardhi hupandishwa kwa kanuni gani, na muda ukiisha jengo linakuwa la nani. Kanuni ya Warumi wa kale, kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni mali ya mwenye ardhi, ingali hai katika sheria za nchi nyingi, na pale ambapo mkataba haukusema kitu, kanuni hiyo ndiyo itakayosema. Zipo nchi zinazoruhusu nyumba kusajiliwa peke yake, mbali na kiwanja. Ikiwa uko katika mojawapo, usiiache haki hiyo ikae mdomoni tu.

Hakikisha vilevile kwamba unayoambiwa ni sheria ya mwaka huu. Kanada iliwazuia wageni wengi kununua nyumba za kuishi kuanzia Januari 1, 2023, na baadaye ikaurefusha muda wa katazo hilo hadi mwanzo wa 2027. Australia, kuanzia Aprili 1, 2025, iliwafungia wageni ununuzi wa nyumba zilizokwisha kujengwa, huku ikiendelea kuwaruhusu kuomba kibali cha kununua kiwanja kitupu kwa sharti la kukijenga ndani ya miaka minne. Ushauri wa jirani aliyenunua miaka sita iliyopita ni wa nia njema, lakini huenda ni wa nchi ambayo haipo tena.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni muuguzi. Ninakoishi mgeni anaruhusiwa kununua, kwa hiyo hilo halinisumbui. Dalali amenionyesha hati halisi ya kiwanja cha mita 20 kwa 30, nimeishika kwa mikono yangu na nimeona mihuri. Anasema kuna mnunuzi mwingine, na kwamba nikitoa arbuni kabla ya Ijumaa kiwanja ni changu. Je, hati ikiwa halisi kuna jambo jingine la kuangalia?

JIBU: Yapo, dada yangu, na la kwanza ni hiyo Ijumaa. Katika miaka yangu ya kushughulika na hati za ardhi nimeona kiwanja kimoja kikiwa na "mnunuzi mwingine" kwa miaka mitatu mfululizo.

Hati halisi inathibitisha kwamba siku ilipotolewa mambo yalikuwa kama ilivyoandikwa. Haikuambii kilichotokea baada ya hapo. Rehani ya benki, zuio la mahakama, madai ya kodi, mauzo ya awali: hayo yote hukaa katika daftari la msajili. Mwaka 1858, koloni la Australia Kusini lilipitisha sheria iliyosukumwa na Robert Torrens, ambayo chini yake umiliki hutokana na maandishi ya daftari la serikali, wala si na bunda la karatasi za zamani alizo nazo muuzaji. Utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi, zikiwemo kadhaa za Afrika Mashariki. Nchi nyingine, kama Ufaransa na majimbo mengi ya Marekani, husajili nyaraka za mauzo bila serikali kudhamini kwamba aliyeuza alikuwa mwenyewe hasa, ndiyo maana Wamarekani hukata bima ya hati na Wafaransa humpa notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mikataba, kazi ya kuchimba mlolongo wa wamiliki. Jua uko upande upi, kwa kuwa katika upande wa pili kazi ya uchunguzi ni kubwa zaidi na huwezi kuifanya mwenyewe.

Omba wewe au wakili wako nakala mpya ya daftari moja kwa moja ofisini kwa msajili, usipokee aliyoileta dalali. Nakala hizo kwa kawaida huwa na sehemu tatu: ya kwanza hueleza kiwanja, yaani namba, eneo na ramani, ya pili hutaja mwenyewe, ya tatu hutaja mizigo iliyomo juu ya kiwanja. Watu huisoma ya pili, wakiona jina la muuzaji wanashusha pumzi. Mimi huanza na ya tatu. Humo ndimo utakapokuta rehani ambayo haijafutwa ingawa deni "lilishalipwa", haki ya jirani kupita katikati ya kiwanja na ng'ombe au gari lake, au sharti la zamani kwamba hapo pasijengwe zaidi ya ghorofa moja. Kisha linganisha jina la muuzaji na kitambulisho chake, herufi kwa herufi, na uulize kama ana mwenzi ambaye sheria inataka idhini yake.

Baada ya daftari, nenda kiwanjani na mpima ardhi mwenye leseni, unayemlipa wewe. Hapo ndipo karatasi hukutana na udongo. Mpima atatafuta mawe ya mpaka, na mara nyingi atalazimika kufyeka majani au kuchimba kidogo ili alipate la nne ambalo kila mtu aliapa kwamba lipo. Akifunga kipimo chake na kukuta ua wa jirani umeingia mita 2 kwenye upande wako mrefu wa mita 30, basi umeshapoteza mita za mraba 60 kati ya 600 unazolipia, sehemu moja ya kumi, na katika nchi nyingine jirani aliyekaa hapo miaka mingi bila kubughudhiwa anaweza kuwa ameshajipatia haki. Muombe pia akuonyeshe kwenye ramani iliyosajiliwa ni wapi kiwanja kinagusa barabara ya umma. Njia unayoiona kwa macho, iliyokanyagwa na watu kwa miaka mingi, inaweza kuwa inapita katika shamba la mtu ambaye kesho ataweka lango.

Jambo jingine ni matumizi ya ardhi yaliyopangwa na mamlaka ya mipango miji. Eneo la kilimo, la hifadhi ya maji au la ukanda wa ufuo halijengwi nyumba hata kama wewe ndiye mwenye hati bila ubishi. Wala usidhani kwamba kibali cha ujenzi kilichokwisha tolewa kinamaliza maneno. Mwaka 2008, huko Vera katika mkoa wa Almería kusini mwa Hispania, nyumba ya wastaafu wawili kutoka Uingereza ilibomolewa ingawa waliijenga kwa kibali cha halmashauri ya mji, kwa sababu serikali ya jimbo ilikipinga kibali hicho na kikafutwa. Kwa hiyo, ukionyeshwa kibali, wakili wako aulize kama mamlaka iliyokitoa ndiyo yenye neno la mwisho, na kama muda wa kukipinga umekwisha pita.

Kuhusu arbuni yenyewe, sheria nyingi zina msimamo wake na ni vizuri uujue kabla hujafungua pochi. Hispania, ambako huitwa arras, neno lenye undugu wa mbali na arbuni yetu, mnunuzi anayejitoa huipoteza na muuzaji anayejitoa huirudisha mara mbili, endapo mkataba umeiweka kwa masharti hayo. Ufaransa humpa mnunuzi wa nyumba ya kuishi siku 10 za kubadili mawazo baada ya mkataba wa awali, bila kutoa sababu. Kwako wewe, fedha ziwekwe kwa wakili au notari na zisipite mikononi mwa dalali, na mkataba uandike wazi kwamba zitarudi zote ikiwa daftari litaonyesha mzigo, vipimo vitapungua au kibali cha kujenga kitanyimwa. Muuzaji anayekataa masharti hayo amekwisha kujibu swali lako.

SWALI: Ndugu Mshauri, kiwanja nilishapata kihalali na hati iko kwa jina langu. Tatizo ni ujenzi. Naishi mbali, mwendo wa saa kumi kwa ndege. Mkandarasi anataka nusu ya fedha zote kabla ya kuanza, na shemeji yangu aliyeko huko ameahidi kusimamia. Hunitumia picha kila jioni. Je, huo ni usimamizi wa kutosha?

JIBU: Shemeji ni baraka, lakini picha za jioni huonyesha ukuta umefika wapi; hazionyeshi ukuta umesimama juu ya nini. Sehemu za nyumba zenye gharama kubwa ya kurekebisha ni zile zinazofunikwa: sakafu ya mtaro wa msingi, nondo, mabomba ya chini, zuio la unyevu. Zikifunikwa, mkaguzi bora kuliko wote hana la kuona.

Kwa hiyo ajiri mhandisi au msanifu wa huko anayelipwa na wewe, asiyehusiana na mkandarasi, na uandike katika mkataba kwamba hatua fulani hazitaendelea bila yeye kufika na kutia saini. Siku ya msingi, kabla ya zege, aangalie kama mtaro umefika kwenye udongo mgumu au umeishia kwenye udongo wa juu wenye mizizi, kama una maji, na kama nondo zimeinuliwa juu ya vipande vya zege au zimelazwa chini zikigusa udongo, ambako zitapata kutu. Picha za hatua hiyo zipigwe zikiwa na futi iliyonyooshwa kando ya nondo, ili unene na nafasi zisomeke. Wakati wa kumwaga zege, jambo la kulindwa ni maji. Fundi aliyechoka huongeza ndoo moja ili mchanganyiko uteleze na kujisawazisha wenyewe, na kwa ndoo hiyo zege hupoteza nguvu ambayo ulishailipia katika saruji. Mhandisi achukue sampuli za mchemraba wa milimita 150, zikapimwe maabara baada ya siku 7 na 28. Ni gharama ndogo sana, na fundi akijua kwamba sampuli zinachukuliwa, mkono wake huwa mzito kwenye ndoo.

Shemeji apewe kazi anayoiweza: kuhesabu mifuko inayoingia, kutunza ankara, kujua ni siku gani mafundi hawakutokea. Usimpe mamlaka ya kuidhinisha malipo, na hilo ni kwa faida yake pia, kwani siku mambo yakiharibika utabaki na nyumba mbovu na shemeji asiyesemeshana nawe. Ikiwa unahitaji mtu wa kutia saini kwa niaba yako katika ofisi za huko, hati ya uwakala iandikwe kwa jambo hilo mahususi na kwa muda maalumu. Hati ya uwakala wa jumla huweza kumruhusu mwenye nayo kukiuza kiwanja.

Nusu ya fedha kabla ya kuanza ni nyingi mno. Malipo ya awali yatoshe kuleta vifaa vya hatua ya kwanza, kisha kila hatua ilipwe ikishakamilika na kukaguliwa: msingi, kuta hadi linta, upauaji, mabomba na nyaya kabla ya plasta, na umaliziaji. Kutoka kila malipo zuia asilimia 5 hadi 10, na fedha hizo uzitoe baada ya muda wa uangalizi ulioandikwa katika mkataba, ambao unapaswa kuvuka angalau msimu mmoja wa mvua, kwa kuwa paa husema ukweli wake wakati huo. Bei isiandikwe jumla tu. Dai mchanganuo wa kila kifaa na kiasi chake, maana mkandarasi anayedai nyongeza katikati ya kazi lazima aonyeshe nyongeza hiyo imezidi mstari gani.

Chunguza pia sheria inamfunga mjenzi kwa miaka mingapi. Ufaransa humwajibisha kwa miaka 10 kwa kasoro zinazoathiri uimara wa jengo, wazo lililomo katika sheria zake tangu kitabu cha sheria za kiraia cha 1804, na kuanzia sheria ya 1978 ni lazima awe na bima ya dhima hiyo. Misri nayo ina miaka 10. Pale ambapo hakuna kitu kama hicho, mkataba wako ndio pekee utakaokulinda. Na usishawishike na mtu anayekuambia ujenge bila kibali kwa kuwa serikali "itasamehe baadaye". Uturuki ilitoa msamaha wa namna hiyo mwaka 2018, na majengo yasiyo na vibali yakaandikishwa kwa kulipiwa ada. Februari 6, 2023, tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 50,000 nchini humo, wengi wao chini ya nyumba zao wenyewe. Msamaha huondoa faini, lakini nondo ambazo hazikuwekwa hubaki hazikuwekwa.

Neno moja kuhusu fedha. Unalipwa kwa sarafu moja na unajenga kwa nyingine, na ujenzi wako utachukua labda miaka miwili. Sarafu ya mshahara wako ikipoteza asilimia 15 dhidi ya sarafu ya huko, kila 100 uliyopanga itanunua vitu vya 85, nawe utajikuta umeishiwa kwenye linta. Afadhali uchore nyumba inayoweza kujengwa kwa awamu, ambamo vyumba viwili na jiko vinakaliwa huku vingine vikisubiri, kuliko kusimamisha boma kubwa lisilo na paa. Fedha zipitie benki kwa jina lako, na uhifadhi hati za uhamisho, kwa kuwa siku ukiuza na kutaka kuzitoa fedha zako, huenda ukaulizwa ziliingiaje. Thailand huuliza hilo hata siku ya kununua: mgeni anayesajili fleti lazima aonyeshe kwamba fedha ziliingia nchini kama fedha za kigeni.

SWALI: Je, nikijenga nyumba katika nchi ya kigeni napata haki ya kuishi huko?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Hati ya kiwanja na kibali cha ukaazi hutolewa na ofisi mbili ambazo mara nyingi hazisemezani, na unaweza kumiliki nyumba nzuri usiyoruhusiwa kulala zaidi ya siku 90. Nchi chache huuza ukaazi kwa wanunuzi wakubwa, lakini milango hiyo inafungwa: Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika mpango wake Oktoba 2023, Hispania ilifuta wa kwake Aprili 2025, na Ugiriki mwaka 2024 ilipandisha kiwango hadi euro 800,000 katika maeneo yanayotafutwa zaidi. Tafuta ukaazi kwanza, nyumba baadaye.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, marehemu mume wangu alijenga nyumba katika nchi ya tatu, ambayo si yangu wala si yake, na wasia wake uliandikwa nyumbani kwetu. Alinipa mimi nyumba yote. Sasa wakili wa huko ananiambia kwamba wasia huo hauwezi kutekelezwa wote, kwamba watoto wake watatu, akiwemo mmoja wa ndoa ya kwanza, wana fungu lao. Je, ananidanganya?

JIBU: Mama, pokea pole zangu. Inawezekana kabisa kwamba anakuambia kweli. Katika nchi nyingi mali isiyohamishika hurithiwa kwa sheria ya mahali ilipo, hata kama marehemu na warithi wote ni wa kwingine, na zipo sheria zinazowatengea watoto fungu ambalo wasia hauwezi kuligusa. Ufaransa, kwa mfano, mtoto mmoja hutengewa nusu, wawili theluthi mbili, na watatu au zaidi robo tatu, bila kujali ni wa ndoa ipi.

Muulize wakili wako mambo mawili. La kwanza, je, nchi hiyo humruhusu mtu kuchagua sheria ya uraia wake itumike kwa mirathi yake, na je, wasia wa marehemu una sentensi ya namna hiyo? Nchi za Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark na Ireland, hukubali uchaguzi huo kwa kanuni inayotumika kwa vifo vilivyotokea kuanzia Agosti 17, 2015, ingawa kila nchi inaweza kuwa na kinga zake kwa ajili ya watoto. La pili, hata kama fungu la watoto litabaki, je, sheria inakupa wewe mjane haki ya kukaa au kupokea kodi ya nyumba hiyo maisha yako yote? Haki hiyo mara nyingi hupatikana, na wajane wengi huikosa kwa kutoulizia tu.

Wakati huohuo anza kukusanya nyaraka, kwa maana hizo ndizo zitakazochukua muda: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu na wasia wenyewe. Ikiwa nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu kutambua nyaraka za nchi nyingine, muhuri mmoja maalumu wa ofisi ya nchi ulikotolewa waraka unatosha. Ikiwa mojawapo si mwanachama, kila waraka utapitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Tafsiri ifanywe na mfasiri anayetambuliwa na mahakama ya huko, na majina yaandikwe kwa tahajia ile ile iliyo kwenye hati ya nyumba. Kama cheti chenu cha ndoa kina herufi moja tofauti na hati, apa kiapo cha kuthibitisha jina kabla hujatuma chochote, na ubaki na nakala zilizothibitishwa za kila karatasi.